Joto la Kuazima

Ukifika kwenye ule mlango wa dharura, kabla hujamwona daktari, kabla hujaona hata pa kukaa, utamwona kwanza Trafiki. Huwezi kumkosa. Ni jibaba la mabega mapana, sauti yake ya mtu anayeita watu ng'ambo ya barabara, na husimama katikati ya njia na kadi za rangi mfukoni. Jina lake halisi limeandikwa kwenye kitambulisho kifuani, ila kitambulisho chenyewe kimegeukia ndani siku zote na hakuna anayejisumbua kukigeuza. Ni muuguzi aliyesoma akafuzu, na kazi yake ni kumtazama kila anayeingia na kuamua upesi: kadi nyekundu, uonwe sasa hivi, njano, subiri kidogo, kijani, tulia kabisa, hufi leo. Pengine hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo watu huomba kadi nyekundu, tena wengine kwa machozi.

Trafiki alikuwa na vitu viwili vilivyomfanyia kazi: mkono na mdomo. Kwa mkono hakuwa na mfano. Mgonjwa akiingia tu, kiganja kile kipana kilishatua begani kwake, kikahamia shingoni, kikashika kifundo cha mkono, na wakati mgonjwa bado anatafuta maneno ya kujieleza, Trafiki alishajua kama ana homa, kama anatetemeka, kama moyo unamwenda mbio. Watu walisema kushikwa naye tu kulipunguza nusu ya ugonjwa. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

Mdomo sasa, hapo kuna kesi. Trafiki hakuweza kuvumilia mtu aliyejitibu nyumbani akaharibu. Akija kijana kaungua mguu na kaupaka dawa ya meno, utamsikia Trafiki mpaka kwenye maegesho ya magari. "Huu mguu una meno? Nionyeshe meno yake! Unaupigisha mswaki?" Benchi zima lilikufa kwa kicheko, na kijana alitamani ardhi ipasuke aingie. Trafiki aliamini anafundisha. Kumgombeza mmoja mbele ya wote, alisema, ni kuwaponya ishirini wa kesho. Na kwa kweli alikuwa ameona mengi: vidonda vilivyofukiwa majivu, mikono iliyofungwa kwa kamba, watoto walionyweshwa mafuta ya taa. Hasira yake haikuwa ya bure. Ila hasira ikishazoea kuchekewa na watazamaji, haijui tena pa kuishia.

Basi ikaja ile kamera.

Aliyeileta ni daktari wa zamu, mwanamke mdogo wa umri na wa umbo, ambaye kichwa chake kilimfikia Trafiki kwenye mfuko wa shati. Walipendana kama ndugu wa tumbo moja wanaotaniana. Siku hiyo aliingia amekumbatia sanduku, macho yanamwaka.

"Kaka Trafiki, hebu acha watu dakika moja. Njoo uone maajabu."

Ilikuwa kitu kidogo, kama simu iliyoota mpini. Ukimwelekezea mtu, kwenye kioo huoni uso wala nguo. Unaona joto lake. Penye joto panang'aa njano na nyekundu, penye baridi panakuwa bluu, kisha nyeusi. Daktari alieleza kwamba kamera haioni ugonjwa, isije ikamdanganya mtu. Inaona joto la ngozi tu, na joto la ngozi huletwa na damu. Penye uvimbe damu hujaa, panawaka. Pasipofikiwa na damu panazimika. Na kwa watu wenye ngozi nyeusi kama wao, alisema, ambao macho ya kawaida hayaoni upesi kama kiungo kimeishiwa damu au kimevimba kwa ndani, kitu hiki kinaweza kumwokoa mtu akiwa bado benchini.

Trafiki alikipokea kwa mikono miwili kama anayepewa kichanga.

Asubuhi ile kazi ilifanyika, lakini kwa shida. Kila mfanyakazi alitaka kujiona. Mfagiaji aliona mashavu yake yanavyowaka akadai ni dalili ya uzuri. Mlinzi wa getini, mwanamume wa maneno mengi, aliiona pua yake nyeusi tii katikati ya uso mwekundu akaruka nyuma.

"Jamani, nimekufa pua!"

"Umekufa zamani," Trafiki alimwambia, "ila leo ndio tumepata ushahidi."

Ikabidi daktari atangaze kwamba pua za watu wote ni baridi, hata za wazima, na mlinzi akapumua. Trafiki alikuwa anacheka kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Alipiga picha kikombe cha chai, akapiga kivuli kilichoachwa na makalio ya mtu kwenye benchi alipoinuka. Kumbe mtu akiondoka huacha joto lake nyuma! Jambo hilo lilimsisimua mpaka akalisimulia kwa kila aliyetaka na asiyetaka kusikia.

Nyumbani hali ikawa ileile. Mkewe alikuwa msusi, na jioni alikuwa na mteja mbele yake, vidole havisimami.

"Hebu niambie," alisema bila kuinua kichwa, "huyo mke mwenza wangu wa plastiki anajua kufua?"

"Wewe cheka tu. Kitu kile kinaona ndani ya mtu!"

"Kama kinaona ndani ya mtu, kilete hapa kikuone wewe. Miaka yote hii mimi nimeshindwa."

Mteja alicheka mpaka nywele zikamponyoka msusi, na Trafiki akaenda zake kulala akiwa na furaha yake nzima, haijapungua hata kidogo.

Aibu ilimkuta siku chache baadaye. Alikuja mzee mmoja mwenye kikohozi, mpole, mzito wa kutembea. Trafiki alimkaribisha kama kawaida yake, akamsaidia kuvua shati, akamshikilia mgongoni asije akayumba. Kisha akachukua kamera, akamwelekezea. Moyo ukamruka. Chini kidogo ya bega la mzee palikuwa na doa jekundu, kubwa, linawaka.

"Daktari! Njoo mbio! Mzee ana jipu kubwa kwa ndani!"

Daktari alikuja mbio kweli. Akatazama kioo, akamtazama mzee, akaangalia tena kioo. Akabana midomo.

"Kaka, weka mkono wako hapa. Juu ya jipu."

Trafiki akaweka. Kiganja kikaingia kwenye doa lile bila kuzidi wala kupungua, na vidole vitano vikakaa kwenye vidole vitano. Alikuwa amepiga picha alama ya mkono wake mwenyewe. Daktari alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee, akiwa haelewi kilichotokea, akauliza kama jipu lenyewe litapasuliwa leo. Na mlinzi wa getini, ambaye masikio yake yalikuwa marefu kuliko geti, alitangaza habari kwa wote waliopita: Trafiki kajikamata mwenyewe!

Tangu hapo ukawekwa utaratibu. Mgonjwa wa kupigwa picha akae kwanza mahali pasipo na jua, kiungo kiwe wazi, ngozi itulie, na asiguswe na mtu. Picha kwanza, mkono baadaye. Trafiki aliupokea utaratibu ule kama mtu aliyekatazwa kushika vitu dukani. Alitembea na mikono mifukoni, anawapokea watu kwa kidevu. Wagonjwa wa siku zote walidhani wamemkosea.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa asubuhi, benchi limejaa, na bado watu wanaingia. Akaingia mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kajitanda vizuri, kamwegemea mumewe. Mume alikuwa mrefu na mwembamba, kashika mfuko mkubwa wa nailoni kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Walikuwa mafundi wa makochi wote wawili. Kibanda chao kilikuwa kimoja: mke hushona vitambaa kwa cherehani ya miguu, mume hujaza sponji na kupigilia misumari. Mke ndiye msemaji. Hata mume akiulizwa jina lake, ilikuwa lazima amtazame mkewe kwanza.

"Karibu, mama," Trafiki alisema, mikono mifukoni. "Kuna nini?"

"Mguu huu, baba. Nilikuwa kwenye cherehani, nakanyaga vizuri tu, ghafla kama mtu kanipiga na nondo. Baada ya hapo ukafa ganzi."

"Lini hiyo?"

"Leo hii hii, tulipofungua tu kibanda."

"Mmeufanya nini? Mmepaka kitu?"

"Hatujaufanya kitu." Jibu lilitoka kabla swali halijakaa sawa. Mume alitazama dari.

"Na hii harufu ya dawa ya kuchua?"

"Ya mgongo wa huyu. Umeshamwona fundi makochi mwenye mgongo mzima?"

Benchi likacheka. Trafiki naye akatabasamu. Alimkalisha mama pembeni, akamwambia afunue miguu yote miwili mpaka magotini asubiri ngozi itulie. Lakini mlangoni palikuwa pamejaa, mtoto analia, mtu anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, na subira yenyewe ikawa fupi kuliko ilivyopaswa. Trafiki akaelekeza kamera. Mguu wa kushoto, mzima, ulikuwa na rangi zake za kawaida. Wa kulia, ule mbovu, uliwaka mwekundu kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti.

Mguu wa moto, akajisemea. Umevimba kwa ndani, au una maambukizi. Unauma, ndiyo, ila unaweza kusubiri. Akatoa kadi ya njano, mikono ikarudi mifukoni bila hata kumgusa.

"Kaa hapo, mama, hutakaa sana."

Akaendelea. Akampokea yule wa kiti cha magurudumu, akampokea na mtoto. Lakini kuna kitu kilimkera, kama kibanzi kwenye kidole ambacho ukikitazama hukioni. Akarudisha picha ya mguu kwenye kioo. Wekundu ulipanda vizuri kutoka vidoleni, ukapanda, ukapanda, halafu chini ya goti ukakatika. Haukufifia, ulikatika kwa mstari ulionyooka, kama kitambaa kilichopigwa mkasi. Trafiki alikodoa macho. Yeye ameuguza miguu iliyovimba maisha yake yote, na hakuna uvimbe unaoishia kwenye mstari. Damu haijui rula.

Joto lile halikutoka ndani ya mguu. Liliwekwa juu yake, kama yeye alivyoweka lake mgongoni kwa mzee. Na kama joto ni la kuazima, basi chini yake kuna nini?

Alifika benchini kwa hatua mbili.

"Mama, mguu huu umewekewa kitu cha moto?"

"Si nimekwambia hatujaufanya kitu?"

Alikuwa anatoka jasho usoni, kabana meno. Trafiki alihisi damu inampanda. Maneno yalishafika kooni, yamejipanga, yale makali yenye vichekesho ndani yake. Na benchi lote likainua vichwa, maana walimjua. Hili lilikuwa tamasha la bure, hakuna aliyetaka kulikosa.

Ndipo akamwona mume. Yule mwanaume mrefu alikuwa ameukumbatia mfuko wake, vidole vinaminya nailoni, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri kupigwa.

Trafiki alimeza maneno yake. Yalikuwa makubwa, lakini aliyameza. Akamshika mume kiwiko, akamvuta taratibu mpaka kwenye bomba la kunawia, mbali na masikio ya watu.

"Ndugu yangu, sikugombezi. Mbele ya Mungu sikugombezi. Niambie tu."

Mume aligeuka kumtazama mkewe. Mke alitikisa kichwa kwa nguvu kule benchini: usithubutu.

"Sikiliza," Trafiki alisema. "Kama mguu ule una joto lake mwenyewe, unaweza kungoja mpaka mchana. Kama joto ni la kwenu, basi hakuna damu inayofika pale, na kila tunavyosimama hapa unakufa. Watamkata mguu mkeo. Unanielewa? Watamkata."

Yule mwanaume akashusha mfuko. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo, nzuri, ya mtu asiyeitumia sana.

"Taulo," alisema. "Nimemkanda. Kibandani, halafu kwenye gari. Nilikuwa na maji ya moto kwenye chupa ya chai. Nilimviringishia mpaka hapa mlangoni, ndio nikalitoa." Akafungua mfuko. Taulo lilikuwa ndani, limekunjwa, bado lina vuguvugu.

"Kwa nini hamkusema?"

"Ulishawahi kunigombeza. Nilikuja na kidole nilichokipaka grisi. Ulinisimamisha pale mbele ya watu."

Trafiki hakumkumbuka. Alijaribu, pale pale, wala hakumkumbuka kabisa. Lakini haukuwa wakati wa kutafuta kumbukumbu.

Alirudi benchini karibu anakimbia, akapiga goti sakafuni na mwili wake wote ule, na safari hii mikono haikukaa mifukoni. Vidole vyake vilitafuta mapigo juu ya wayo. Hamna. Nyuma ya kifundo. Hamna. Akajaribu mguu wa pili, na huko yalikuwa yanagonga kama mtu anayebisha hodi.

"Daktari!" Sauti ile ya ng'ambo ya barabara. "Nyekundu! Nyekundu hapa!"

Daktari alifika, akasikiliza maneno matatu ya Trafiki, wala hakuuliza la nne. Alishika kifundo cha mkono cha mama, akatulia. Uso ukabadilika.

"Moyo wake unapiga ovyo ovyo, hauna mpangilio. Bonge la damu limetoka huko likaja kuziba mshipa wa mguu. Leta kamera."

Walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, miguu yote miwili wazi, hakuna anayeigusa. Daktari mwenyewe ndiye aliyeshika kamera, Trafiki anatazama juu ya kichwa chake. Na hapo wakaona. Joto lile la kuazima lilianza kurudi kwa mwenyewe. Vidole vya mguu wa kulia vikageuka kutoka vyekundu kuwa kijani, kutoka kijani kuwa bluu, kisha vikazimika. Giza likapanda kwenye wayo, likavuka kifundo, likaendelea kupanda muundini. Mguu wa pili ulikuwa pale pale unang'aa kama ulivyokuja. Mtu hakuhitaji kusomea udaktari ili aelewe.

"Na huko kukanda," daktari alisema kwa sauti ya chini, "mguu usio na damu ukiupasha moto unauongezea njaa." Hakusema kwa lawama, alikuwa tayari anavuta sindano ya dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Kwa mkono mwingine alimpigia simu daktari wa upasuaji. Huyo alikuwa katikati ya mambo yake, akauliza kama wana uhakika. Daktari akamtumia picha. Mara simu ikasema, "Mleteni. Sasa hivi."

Lo! Hapo ndipo ungejua kwa nini anaitwa Trafiki. Alishika kitanda kwa nyuma, akafyatuka. "Pisheni! Pisheni njia! Baba, vuta miguu! Wewe mwenye ndoo, ukutani!" Korido iligawanyika mbele yake. Mlinzi wa getini alikimbia mbele kufungua milango, bila utani hata mmoja, kofia imemwanguka na hajali. Mume alikimbia pembeni ya kitanda na mfuko wake. Trafiki alikuwa na hofu, ndiyo, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kinachomrukaruka kifuani kama ngoma: tumeuona! Bado upo wakati, tumeuona!

Mama alimtazama mumewe kutoka kitandani.

"Umesema?"

"Nimesema."

Alifumba macho. Milango ya chumba cha upasuaji ikamchukua.

Kilichofuata ni kungoja, na kungoja Trafiki hakukujua. Alirudi mlangoni kwake kufanya kazi na karibu ampe mfagiaji kadi ya kijani. Kila baada ya muda alichungulia koridoni. Mume alikuwa ameketi kule mwisho, mgongo umenyooka, mfuko mapajani. Aliletewa maji, akayashika bila kuyanywa.

Mwishowe daktari wa upasuaji akatoka, kofia mkononi. Bonge limetolewa, alisema, refu kama kidole, na mshipa umefunguka. Lakini mguu ulikuwa umekaa na njaa. Kama damu itashuka mpaka vidoleni, mguu umepona. Kama itagoma njiani, itabidi kukata. "Leteni ile kamera yenu," alisema. "Nami nataka kuona."

Walisimama watatu kando ya kitanda, madaktari wote wawili na Trafiki, mama bado amelala usingizi wa dawa. Trafiki alishika kamera kwa mikono miwili. Goti lilikuwa jekundu. Muundi ulikuwa unapata rangi, polepole, kama alfajiri isiyo na haraka. Joto likafika kwenye kifundo, likasimama. Wayo wote ulikuwa mweusi.

"Haya, haya," Trafiki alinong'ona. "Shuka, joto. Shuka."

Halikushuka. Daktari wa zamu alikuwa ameshika ncha ya koti lake anaikunja. Daktari wa upasuaji alitazama saa, akafungua mdomo kutaka kusema jambo, na jambo lenyewe lilijulikana.

"Subiri," Trafiki alisema. "Subiri kidogo, daktari!"

Mstari mwembamba wa kijani ulikuwa umetokea juu ya wayo. Mwembamba kama uzi. Ukapanuka, ukashika njano, ukagawanyika kama mto unaopata mashamba. Kidole gumba kikawaka. Kile cha pili. Cha tatu na cha nne vikawaka pamoja. Kile kidogo cha mwisho kilijivuta, kikajivuta, mpaka Trafiki akahisi atakitukana. Halafu nacho, pwaa! kikawaka.

"Kimewaka!" Alipiga kelele chumba kizima kikashtuka, na muuguzi wa chumba kile akamwamuru anyamaze au atoke. Daktari wa zamu alikuwa anarukaruka na mikono juu kama aliyefunga bao. Daktari wa upasuaji, mtu mzima, mwenye heshima zake, alimpiga Trafiki mgongoni hata kamera ikataka kumponyoka. Trafiki alikuwa analia na kucheka, wala hakujua lipi limeanza.

Kelele zile zilimwamsha mama. Alifumbua macho kwa taabu, akayazungusha, akayatuliza kwa Trafiki.

"Mguu upo?"

"Upo, mama! Upo wote na vidole vyake vyote. Nimevihesabu!"

Midomo yake ilicheza kidogo. Chozi likamtoka pembeni likaingia sikioni. Trafiki alitegemea kusikia la kumshukuru Mungu. Lakini mama alikuwa na lake lililomkaa moyoni.

"Na mume wangu. Umemgombeza?"

"Hapana, mama."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

"Kwa sababu ni mimi niliyemwambia anikande. Tena ni mimi niliyemwambia anyamaze." Alipumzika, akameza mate. "Wewe hujui. Siku ile ya kidole alirudi nyumbani hakula, siku nzima hakushika nyundo. Nikajiambia leo heri niumwe mguu kuliko asimamishwe tena pale mlangoni."

Furaha bado ilikuwa imemjaa Trafiki, inamchemka hata masikioni, na maneno yale yaliingia katikati yake moja kwa moja. Mchana kutwa alikuwa analaumu taulo. Kumbe taulo lisingeficha kitu kama watu wangelitaja. Kilichokaribia kuukata mguu ule ni mdomo wake.

"Nisamehe, mama," alisema.

"Usiniambie mimi. Mwite yeye."

Trafiki alitoka. Mwishoni mwa korido yule mwanaume mrefu alimwona anakuja, akainuka haraka, akaweka mfuko chini, akasimama wima mikono ubavuni.

"Njoo uone mguu wa mkeo," Trafiki alisema.

Alisema kwa sauti ndogo mno, yeye anayeita watu ng'ambo ya barabara, hata yule mwanaume hakumsikia, ikabidi amwombe arudie.